Faili Ikikataa Kufunguka Msikimbilie Kusema Imeliwa na Virusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee jambo linaloumiza watu wengi hapa Arua, na najua si hapa tu, hata Gulu, Mbale, Masaka na Kampala kwenyewe liko, nalo ni hizi faili ambazo mtu anaandika kwenye kompyuta moja zikifika kwenye kompyuta nyingine zinakataa kufunguka. Nina duka la kuchapa na fotokopi hapa mjini. Watu wanaleta flashi, wanaleta simu, wengine wananifowadia kwa WhatsApp, na haipiti siku bila kutokea mtu ambaye barua yake ya kuomba kazi au fomu ya mtoto ya shule au ripoti ya SACCO yao imegoma, na ukimuuliza siku ya mwisho ni lini anakwambia ni leo. Kinachoniuma zaidi ni jibu alilopewa huko alikotoka, ati hiyo imeliwa na virusi tuandike upya, na analipishwa tena kila ukurasa, kumbe faili ni nzima kabisa haina hata mkwaruzo.

Nataka niseme wazi, faili nyingi zinazokataa hazijaharibika. Zimeandikwa na programu moja zikapelekwa kwenye kompyuta ambayo haina hiyo programu, au iko nayo lakini ya zamani, basi. Na mtu wa kurekebisha hilo si yule mama aliyepanda boda kutoka Rhino Camp na flashi mkononi, ni yule aliyetengeneza hiyo faili na kuituma.

Tuanze na Word maana ndiyo inasumbua zaidi. Word za zamani, zile za 97 mpaka 2003, zilikuwa zinasevu faili yenye mkia wa .doc, mkia ni zile herufi baada ya nukta mwishoni mwa jina la faili. Ikaja Office 2007 wakabadilisha, mkia ukawa .docx, na haikubadilika jina tu, hata namna vitu vinavyopangwa huko ndani ilibadilika yote. Sasa huku kwetu bado ziko kompyuta zenye Office 2003, nimeziona kwenye ofisi za shule, nimeziona makanisani, ukiipa .docx inakumwagia herufi za ajabu na vijisanduku ukurasa baada ya ukurasa, mtu anashika kichwa anafikiri barua yake imekwisha. Zamani Microsoft walikuwa na programu ndogo ya bure unaiweka kwenye hiyo Office ya zamani inaanza kusoma .docx, lakini waliiondoa 2018, kwa hiyo siku hizi njia rahisi ni mwenye Word mpya aende kwenye Save As achague ile ya 97-2003 halafu ndio atume. Ni kazi ya dakika moja.

Lakini jamani kuna kitu watu wanafanya naomba mkiache, kubadilisha jina la faili. Mtu anasikia ofisi inataka PDF, anachukua barua.docx anaandika barua.pdf, anatuma, halafu anashangaa kwa nini huko hawafungui. Kubadilisha mkia hakubadilishi kilichomo. Kama unataka PDF ingia kwenye programu yenyewe usevu kama PDF, ziko njia, Word ya kuanzia 2010 inafanya yenyewe bila kuongeza kitu.

Na huo mkia wengi hawauoni kabisa maana Windows inauficha. Fungua folda yoyote, nenda kwenye View, kwenye Windows 11 upitie na Show, weka alama kwenye File name extensions, hapo ndio utaanza kujua unashika nini. Faida yake si hiyo tu, kuna faili zinakuja kwa imeili zinaitwa CV.docx.exe, mkia wa mwisho wa .exe, ambao ni wa programu si wa barua, ukifichwa unaona ni CV ya kawaida, unabofya, hapo sasa umekaribisha virusi vya kweli.

Kama faili inagoma na hujui kwa nini, anza na ukubwa wake. Ikisema 0 KB hapo kweli hakuna kitu, ama flashi ilichomolewa kabla haijamaliza kukopi ama umeme ulikatika katikati, mpigie aliyetuma akutumie tena usipoteze muda. Ikiwa na ukubwa wake wa kawaida, ifungue kwa Notepad uangalie herufi za kwanza kabisa, usihangaike na takataka zinazofuata. Faili ya .docx inaanza na PK, na PDF inaanza na %PDF. Hizo PK ni za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyeleta zip, aina ya faili inayofunga faili nyingi pamoja, mwaka 1989. Sasa ukikuta faili inaitwa .docx lakini ndani inaanza na %PDF unajua hapo hapo mtu alicheza na jina, wewe irudishie mkia wa .pdf itafunguka bila shida. Nimefungulia watu wengi kwa njia hii na walikuwa wameshaambiwa waandike upya.

Halafu kuna zile zinazoanza na ~$ mbele ya jina. Hiyo si kazi yako, ni kifaili kidogo Word inakiweka wakati waraka uko wazi, ndani yake kuna jina la anayeutumia tu. Watu wanakopi hicho wanaacha waraka wenyewe nyumbani, wanafika hapa wakiwa na kilobaiti moja isiyo na kitu.

Acha nieleze na hili ambalo hata wenzangu wengi wa kazi hii hawalijui. Faili ya .docx kwa ndani ni zip, ni kama gunia lililofungwa mdomo, humo ndani kuna faili ndogo ndogo kibao. Chukua kopi yake, narudia kopi, si ile yenyewe, badilisha mkia uwe .zip halafu ifungue, utaona folda inaitwa word, ndani yake kuna document.xml, maneno yote uliyoandika yako humo, na kuna folda ya media, picha zako zote ziko humo. Alikuja mwanafunzi wa chuo na ripoti ya mafunzo ya kazi, Word inamwambia kuna kitu ndani haikielewi, mahali pengine walishampigia hesabu ya kuchapa upya kurasa zote. Kwanza tulijaribu ile njia ya kawaida, unaenda Open, unaichagua faili, unabofya kale kamshale kadogo pembeni ya neno Open unachagua Open and Repair, ikagoma. Tukaifanya zip. Maneno yake yalikuwepo yote yamechanganyika na zile alama za XML, na picha za mashamba ya kahawa alizopiga Zombo zilitoka nzima moja moja, safi kuliko hata zilivyokuwa kwenye ripoti maana kule alizipunguza. Tukasafisha maneno, akapanga vichwa vya habari upya, jioni akaondoka na ripoti yake. Huyo angeandika upya angemaliza wiki na picha angekuwa amezipoteza kabisa.

Virusi vipo sikatai. Kuna vile vinavyogeuza kila kitu kwenye flashi kuwa shortcut, yaani njia ya mkato tu, unaona folda zako lakini ukibofya inafunguka kitu kingine. Hata hapo mara nyingi kazi yako haijaliwa, imefichwa. Usibofye hizo shortcut hata moja, piga skani flashi kwanza na antivirusi, ile ya Windows yenyewe inatosha kuanzia, halafu fungua lile dirisha jeusi la amri linaloitwa Command Prompt, kama flashi yako ni herufi E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ubonyeze Enter, faili zitarudi kuonekana. Hiyo amri inafichua tu haiui virusi, ndiyo maana nasema skani kwanza. Sasa mtu akikuambia virusi vimekula kila kitu bila hata kujaribu hii, mwambie ajaribu kwanza, ni mstari mmoja.

Walimu nao nina ombi kwao. Mwalimu mmoja alikuja jioni na mtihani wa mwisho wa muhula ameutengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, sababu picha zinakaa pale anapotaka, na hilo ni kweli kabisa. Lakini faili ya .pub Word haiifungui, na kompyuta nyingi za mjini hazina Publisher. Tuliifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Office, ikafunguka, lakini ramani ya Uganda ilikuwa imehama imekaa juu ya maswali, mistari ya kujibia imeingiliana, hauwezi kumpa mtoto karatasi kama ile. Ikabidi arudi shuleni usiku na boda akaisevu kama PDF kwenye kompyuta ileile aliyoitengenezea, akarudi, tukaprinti bila kubadilika hata nukta. Na mjue kwamba Microsoft wametangaza wataiacha hiyo Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo shule zenye mitihani, kalenda na ripoti za watoto za miaka yote humo ndani, anzeni sasa kuzigeuza PDF mkiwa bado mna kompyuta inayozifungua.

Hivyo hivyo kwa wenye Mac na iPhone wanaotumia Pages, mkitutumia .pages huku Windows haijui ni kitu gani. Na wale wa Google Docs, ukikopi kile kifaili cha .gdoc kutoka kwenye kompyuta ukakiweka kwenye flashi hujakopi barua, umekopi anwani yake tu, waraka wenyewe uko huko kwenye intaneti, na kama hukumruhusu mtu kuufungua atakutana na mlango umefungwa. Nenda Download, chagua Word au PDF, ndio uweke kwenye flashi. Hata kwenye simu ni hivyo, sehemu ya Share and export.

Jambo la fonti linataka kueleweka vizuri hasa kwetu Uganda maana tunaandika lugha nyingi. Waraka hausafiri na fonti zake isipokuwa umeambiwa usafiri nazo. Umeandika kwa fonti nzuri uliyoitoa kwenye intaneti, ukifika kwangu sina hiyo fonti, Word inachagua nyingine yenyewe, barua ya kurasa 2 inakuwa 3, jedwali linakatika, sahihi ya mwenyekiti inabaki peke yake ukurasa wa mwisho. Na ile herufi ya ŋ ya Luganda na Kiacholi ndiyo inateseka zaidi, wengine waliandika zamani kwa fonti zilizotengenezwa kienyeji ambapo ŋ imewekwa mahali pa alama nyingine, sasa kwenye kompyuta isiyo na hiyo fonti inatokea alama nyingine kabisa au kijisanduku. Nimeona nyimbo za kanisa zimejaa vijisanduku na wazee waliozikusanya ni watu wazima sana, nani atazirudia? Tumieni fonti za kawaida, Times New Roman iko nayo hiyo ŋ, au Charis SIL ambayo ni ya bure na imetengenezwa mahsusi kwa lugha kama zetu. Na kwenye Word nenda Options, kwenye Save, weka alama kwenye Embed fonts in the file, hapo itasafiri nazo kama fonti yenyewe inaruhusu.

Ndugu zetu kutoka Kongo wanaokuja kupitia Vurra wanaleta maandishi ya Kifaransa, na faili za maandishi matupu za .txt mara nyingine zinafunguka é imekuwa Ã©. Hapo hakuna kilichoharibika, kompyuta imesoma kwa mpangilio wa herufi usio wake, ukiifungua tena ukachagua mpangilio unaoitwa UTF-8 inakaa sawa.

Sasa wenzangu wenye maduka. Najua kwa nini tunaweka Office za wizi, biashara ni ndogo na leseni ni pesa. Lakini hizo ndizo zinaleta nusu ya matatizo ninayoyaona, mtu anapakua kinachofungua leseni kutoka kwenye tovuti za ajabu, pamoja nacho anapakua virusi, na virusi hivyo vinahamia kwenye flashi ya kila mteja. Halafu siku moja Office inagundua inakuandikia Unlicensed Product, unaweza kufungua na kuprinti lakini kuhariri hauwezi, mteja anaambiwa faili yake ina shida wakati shida ni ya kompyuta yako. LibreOffice ipo, ni ya bure kweli kweli tangu 2010, inafungua .doc, inafungua .docx, inafungua .odt, hata baadhi ya zile Word inazozikataa inazifungua. Haikai sawasawa na Word kwa kila kitu, jedwali likiwa gumu linaweza kuhama kidogo, lakini angalau iweke pembeni kama mkono wa pili. Ukiandika nayo kumbuka kusevu .docx kabla ya kumpa mteja, maana yenyewe usipoiambia inasevu .odt ambao ndio mkia wake, na huyo mteja akifika kwingine hadithi inaanza upya.

Nirudi kwa ofisi, mashirika na shule mnaotoa fomu, maana barua hii hasa ni yenu. Shirika moja lilitoa fomu ya vijana kuomba mafunzo, ilikuwa PDF, tukafurahi, tukaifungua kwenye Chrome ikaonyesha ukurasa mmoja tu wa Kiingereza unaosema subiri. Tukasubiri. Vijana walikuwa wamejaa hapa mlangoni wakifikiri intaneti yangu ni mbovu. Ile ilikuwa PDF ya aina inayoitwa XFA, ambayo ilikusudiwa kwa programu ya Adobe Reader ya kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye vivinjari mara nyingi haifunguki hata ukikaa mpaka kesho. Niliipakua nikaifungua kwa Adobe Reader ikakubali, lakini wangapi waliokuwa na simu tu walikata tamaa? Mtu alikuwa na vigezo vyote, akakosa nafasi kwa sababu ya aina ya faili. Hilo si haki.

PDF ya kawaida ilitolewa na Adobe mwaka 1993 na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, inafunguka kwenye simu ya bei ya chini, inafunguka kwenye vivinjari vingi, inaprintiwa ikiwa vilevile. Kwa kitu cha kusoma na kuprinti tumeni hiyo. Kama fomu inatakiwa kujazwa kwa kompyuta tumeni mbili pamoja, PDF na Word ya kawaida isiyo na mapambo, mtu achague anayoiweza. Kabla ya kutangaza mtumieni dereva au mlinzi wa ofisi kwa WhatsApp aifungue kwenye simu yake mbele yenu, ikikataa kwake itakataa Koboko, itakataa Yumbe, itakataa Moroto. Na mtu akiwapigia kusema haifunguki, msimjibu ajaribu kompyuta nyingine. Kompyuta nyingine ni nauli, ni bando, ni siku ya shamba imepotea, na wengine huku wakitoka nyumbani alfajiri wanafika mjini saa tano.

Wewe Mhariri nakuomba kitu kimoja. Matangazo ya kazi na ya masomo mnayoyachapa mengi yanaishia na maneno kwamba fomu inapatikana kwenye tovuti. Waambieni wanaoleta matangazo waongeze mstari mmoja hapo chini, fomu ni ya aina gani, inafunguka kwa programu gani, na namba ya mtu wa kupigia ikikataa. Nafasi ya mstari huo kwenye karatasi ni ndogo sana, na sisi wenye maduka tutaweza kumwambia mteja kabla hajalipa chochote.

Wako,
Mwenye duka la kuchapa na fotokopi,
Arua